Hanora Ryan Yupi?

Katika parokia yetu, huko milimani Tipperary, Ireland, jina la Ryan halikumtambulisha mtu. Wasomi wengine husema maana yake ni mfalme mdogo, wengine wanabisha. Mimi nilikuwa dalali wa ng'ombe, na kitu kilichojaa kila boma sioni thamani yake. Ukiita "Ryan!" mnadani, nusu ya wanaume wanageuka. Ndiyo maana kila ukoo ulikuwa na jina la pembeni: Ryan Mweupe, Ryan wa Kinu, Ryan wa Lango. Barua, mtoto wa shule, ndama wa kuuzwa, wote walijulikana kwa hilo.

Matty alikuwa Ryan Kuku. Siku walipokuja kumfukuza babu yake shambani, mzee alijificha kwenye banda la kuku, akatolewa na manyoya ndevuni. Matty alilichukia jina hilo tangu shule. Alipokuwa mtu mzima akabandika kibao getini, M. Ryan, na ukimwita Kuku katikati ya bei, anaondoka na ndama wake. Mara mbili alinifanyia hivyo. Mkewe hakujali hata kidogo. Akipiga simu dukani husema, "Hanora Kuku hapa, nitumieni unga."

Hanora alifariki Machi, mwaka 1991. Kwetu siku hizo mazishi bila umati yalikuwa aibu ya kubaki na mtu maisha yake yote. Redio ilisoma vifo saa sita mchana na tena saa kumi na moja, na nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza. Matty akamwagiza mwenye majeneza: tangazeni redioni Hanora Ryan, marehemu yuko nyumbani kwake, basi.

Saa kumi alasiri nilimkuta kakaa kando ya jeneza. Alikuwapo padri na jirani mmoja. Mezani, sahani za mkate na nyama ya nguruwe zilikuwa zimeanza kukauka.

"Miaka arobaini amewapelekea supu wagonjwa wao," Matty akasema. "Hawakuja."

"Wamekuja, bwana," nikamwambia. "Wamekwenda kwa Hanora wa Kinu. Nimepita sasa hivi, magari yamejaa uani, mwenyewe yuko mlangoni na aproni anawamiminia chai."

"Anawamiminia chai?"

"Afanyeje? Wamemletea keki. Mmoja alishaanza kumlilia." Padri akainamisha kichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko alichokizuia. "Matty, hapa tuna akina Hanora Ryan watano. Piga simu redioni kabla ya saa kumi na moja. Sema Kuku."

"Siwezi. Waambie Ryan wa mlimani."

"Sote tuko mlimani."

"Mke wa Matty."

"Matty Mweupe naye ana mke. Unataka umuue na huyo?"

"Waseme Ryan wa barabara ya juu."

"Nimenunua ng'ombe wako miaka thelathini, najua ukiwa huna bei nyingine. Jina unalolikataa ni lako. Aliyelala hapa alilitumia kila siku."

Alimtazama mkewe. Kisha akaenda ukumbini, akanyanyua simu, na nikamsikia akilitaja polepole, herufi kwa herufi.

Saa kumi na moja na nusu magari yalianza kupanda. Foleni ikatoka mlangoni, ikapita kibao, ikafika barabarani. Mkate ukaisha tukatuma mwingine. Siku hizi taarifa ya kifo huja kwenye simu na picha juu yake, hakuna anayepotea, na vijana wangu hawajui hata sisi ni Ryan wa nani.

Jioni ile mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mlima alimshika Matty mkono mlangoni. "Nisamehe kuchelewa. Mchana walisema Hanora Ryan. Ningejuaje ni yupi?"

"Hanora Kuku," Matty akasema. "Mke wangu. Pita ndani umwone."