Walipotupunguza kazini, sauti ya mama ilibaki kwao

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Kwetu ni Nyabiondo, Masisi. Nilikuwa Goma, nikifanyia kazi kampuni moja ya teknolojia ya ng'ambo. Tulikusanya sauti za watu ili mashine zao zijifunze lugha zetu. (Msicheke, kuna mashine inajua Kihunde kuliko watoto wenu.)

Nikamrekodi mama. Vita ilikuwa imemtoa shambani, anaishi kwa dada yangu, huko Mweso. Nikamwomba aeleze mbegu zake za maharage, maana kwetu hayo ni mambo ya akina mama, hayaandikwi popote.

Akaeleza saa nzima: ipi ya mteremkoni, ipi ya bondeni, ipi inasubiri mvua ya pili. Katikati akacheka.

"Mutoto wangu, iyo mashine iko na shamba wapi?"

Dada alikuwa palepale akimenya mihogo, anasikiliza nusunusu. Akasema ya nini kukariri, si iko kwa mashine.

Nami nikaituma ile rekodi kazini, nikaifuta kwenye simu. Memori ilikuwa imejaa, ujinga wangu.

Mama akafariki hukohuko Mweso. Kila nikimkumbuka nilifungua ile rekodi kazini, nasikiliza pale anapocheka tu.

Asubuhi moja akaunti yangu ya kazini ikagoma kufunguka. Baadaye imeili: kampuni inapunguza wafanyakazi, asante kwa mchango wako. Timu nzima nje. Kazi nitapata nyingine wakuu, lakini kile kicheko nitakitoa wapi?

Nikampigia Mama Kavira, aliyekuwa mkubwa wetu kazini, kumuuliza rekodi zimehifadhiwa mahali gani.

"Kaka, mwenye alikuwa anajua fasi sauti ziko, njo wa kwanza walifukuza. Hata miye niko ku nyumba."

Nikakata simu, nikalia.

Wiki hii kumetulia kidogo, dada amerudi Nyabiondo na mfuko wa mbegu wa mama. Jana akanipigia.

"Kaka, mama alisemaka iyi ya nyeusi tunapanda wapi? Mvua iko karibu."

Nikamwambia nitauliza humu. Kampuni ikipunguza watu, haijui imetupilia mbali nini pamoja nao.

Funzo langu: sauti ya mzazi usiiweke kwa tajiri peke yake. Mwenye mama hai ampigie kwanza, ndipo aje kukomenti.

Na kama humu kuna mtu wa Nyabiondo: maharage meusi, madogo, yana doa jeupe. Ni ya mteremkoni au ya bondeni? Dada anasubiri.