Maneno ya Kumpinga Deputi

Kwetu karibu na Litein, mtoto hakumpinga mtu mzima. Hata ukiwa na hasira ya kupasuka, ulitazama chini ukanyamaza. Kwa Kipsigis nisingejua hata nianzie wapi.

Kwa Kiingereza nilijua. Deputi mwenyewe, naibu wa mwalimu mkuu, ndiye aliyetufundisha midahalo: ukitaka kupinga kwa heshima, sema "I beg to differ."

Asubuhi moja kwenye paredi ya wanafunzi wote akatangaza kwamba Jumamosi wasichana watachuma chai ya shule, wavulana wabaki darasani wasome. Eti vidole vyetu ni vyepesi! Damu ikanichemka. Nikainua mkono.

"With due respect, sir, I beg to differ." Nikaongeza kwamba mtihani ni wetu sote, kwa hivyo chai nayo ni yetu sote.

Deputi alikohoa, halafu akacheka. Angenichapa vipi kwa somo lake mwenyewe?

Jumamosi wavulana walibeba vikapu mgongoni kama sisi. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi, lakini mmoja wao, bingwa wa kujigamba, alijaza majani magumu kama ya sukuma wiki.

"Si nimechuma poa?" akaniuliza.

Nikakimwaga kikapu chake chote chini.

"I beg to differ."