Mtu Aliyenyolewa Upande Mmoja

Kama una kicheko, kimalize sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, Lodwar, mwaka 2013, jua likiwa utosini. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na homa.

Wakati huo nilikuwa fundi wa pampu za visima. Nilikuwa nimehamia Turkana kutoka Kitale, na kazi ilinizungusha Lodwar, Lorugum na Kakuma. Nilikuwa nakaribia kumuoa Akiru, msichana wa Lodwar aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni. Shida yangu ilikuwa ndevu. Nyembe za dukani zilinitoa vipele mpaka kidevu kikawa kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na Akiru aliniambia waziwazi kwamba picha za arusi hukaa ukutani maisha yote.

Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, nilikuwa na kinyozi wangu, Mkongomani mtu mzima tuliyemwita Papa Bahati. Nilipomweleza shida yangu akafungua droo akatoa wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini wa pembe.

“Beba huu, ni zawadi ya arusi,” akasema. “Mimi siutumii tena.”

Akanifundisha palepale. Kwanza taulo la maji moto, ndevu zilainike. Kisha povu, ulizungushe kwa brashi mpaka liwe zito. Wembe uupitishe kwenye mkanda wa ngozi, kwenda na kurudi. Halafu vuta ngozi kwa mkono mmoja, ulaze wembe, wala usiukandamize. Uzito wake wenyewe unatosha.

Basi Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo arusi, nikajiandaa. Unaijua Lodwar saa saba mchana? Mji wote unalala. Mbuzi wanabanana kwenye kivuli cha ukuta, mabati yanalia yenyewe kwa joto, na hewa mbele yako inacheza kama maji. Nilikuwa nyuma ya chumba changu cha kupanga, chini ya upenu. Nilitundika kioo kwenye msumari, nikaweka beseni la maji moto juu ya kigoda, nikafunga mkanda wangu wa suruali kwenye nguzo nikaanza kuunoa wembe. Sauti yake ilikuwa laini, fya, fya, fya, na nakumbuka macho yalianza kuwa mazito.

Nilipoinua uso kutazama kioo, nyuma yangu alikuwa amesimama mtu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umenyolewa, safi kabisa. Upande wa pili, wa kulia, ulikuwa na ndevu, na juu ya ndevu povu lililokauka likapasuka kama udongo wa laga, mto mkavu, baada ya mvua.

“Ejok,” nikamsalimu, kana kwamba ni jirani.

“Ejok, ndugu. Ule wembe mi naujua,” akasema kwa Kiswahili cha Kongo. “Ulianza kazi kwangu, haukumaliza.”

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Hata mimi nimejiuliza. Lakini wewe hukimbii ndotoni unapomkuta babu yako aliyekufa akinywa chai, sivyo? Unaona ni sawa. Ndivyo nilivyoona. Nilimtazama miguuni, alikuwa peku, na nyayo zake hazikuwa na hata chembe ya vumbi. Nikaona ni sawa pia.

“Umetoka wapi?” nikamuuliza.

“Kakuma. Nimetembea. Siwezi kufika kwa mke wangu namna hii.”

Nikamketisha. Nilikuwa sijawahi kumnyoa mtu kwa wembe ule, hata mimi mwenyewe. Nikamwekea taulo la moto, na niliposhika shavu lake kupitia taulo, lilikuwa baridi kama mtungi. Nikapaka povu jipya juu ya lile la zamani. Nikavuta ngozi, nikalaza wembe.

Niamini ukitaka. Wembe ulipogusa shavu lake, niliuhisi kwenye shavu langu. Kila nilipouteremsha kwake, ngozi yangu ilipata ubaridi. Chini ya taya mkono ukateleza, nikamkata. Hakutoka damu. Lakini tone la moto likanitiririka mimi shingoni, hadi kwenye fulana.

Nikamaliza. Akainuka, akajitazama kwenye kioo muda mrefu, akageuza uso huku na huku.

“Niko muzuri?”

“Uko vizuri.”

Alitabasamu, akapita pembeni ya nyumba kuelekea mto Turkwel. Mbuzi wale kivulini walisimama wote wakampisha.

Kilichonizindua ni sauti ya Akiru. Alikuwa mbele yangu, nguo yangu ya arusi mkononi.

“Wewe, umefanya nini kwa uso?”

Nikatazama kioo. Upande wangu wa kulia ulikuwa umenyolewa, laini kama wa mtoto, na chini ya taya kulikuwa na mkato mbichi. Upande wa kushoto ndevu zilikuwa zilevile, kavu, bila povu. Nilipomsimulia, hakucheka. Aliukunja wembe kwa pindo la leso yake, akanivuta hadi kwa kinyozi wa mashine mjini, akasimama hapo mpaka upande wa pili ukaisha. Tukafunga ndoa.

Baada ya arusi tulikwenda Kakuma wote wawili. Papa Bahati alipoona wembe na kusikia yaliyonipata, akakaa chini.

“Alikuwa rafiki yangu,” akasema. “Mke wake alibaki Kongo, miaka mingi hawajaonana. Siku mke alipokuwa anakuja kwa basi, yeye akaketi hapa nimnyoe. Basi likafika mapema. Akasikia honi, akatoka mbio na povu usoni. Pale barabarani lori likamgonga. Mke wake alishuka akamkuta hivyo, nusu uso. Sikuweza kuushika tena huu wembe. Nikafikiri ukienda mbali, utatulia.”

Alitupeleka kwa yule mjane. Hatukuwa tumemwambia lolote. Akiru alimuuliza tu kama anaendelea vizuri, na yeye akasema sasa anapata usingizi. Ijumaa ile, akalala kidogo mchana, mumewe akamjia. “Mbele alikuwa anakuja na mkono kwa shavu, anajificha,” akasema. “Safari hii aliondoa mkono. Akanisalimu. Akaomba chakula, akakula.”

Tukauacha wembe kwake. Aliomba mwenyewe.

Miaka imepita. Shavu langu la kulia halijaota unywele hata mmoja tangu siku ile, na watoto wangu wanadhani niliungua. Nanyoa upande mmoja tu. Lakini kuna asubuhi, nikiwa sijashika kitu, shavu lile hupata ubaridi kama kuna mtu analinyoa kwa upole. Hapo husimama nikangoja amalize.

Nawe ukipewa wembe wa zamani, uliza kwanza wembe huo uliishia kwenye uso gani. Usione haya kuuliza. Asiyekujibu, mrudishie mkononi mwake.