Neno la Penseli Juu ya Jalada

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mahakama ya mwanzo huko Muleba, hakimu alinionyesha masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada, kisha akanipa somo ambalo sikulipata shule yoyote. "Mkubwa hasemi mara mbili," alisema. "Akigusa tu, wewe uwe umeshaelewa." Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa na shati moja jeupe. Somo hilo nikalishika kuliko sala za asubuhi.

Nilielewa haraka mno, na ndiyo maana nikapanda. Miaka ya ujamaa ilinikuta Bukoba mjini, ninaishi Kibeta, karani wa Jaji aliyekuwa mzaliwa wa huku huku. Namkumbuka akimrudishia mama mmoja mwenye kesi mkungu wa ndizi aliomletea, ameubeba mwenyewe begani hadi nje. Mimi alinionya mapema: "Karani, jalada liache liseme lenyewe. Wewe usilisemee." Nilimwitikia, "Ndiyo, waitu," kwa heshima ya kwetu, lakini yule hakimu wa Muleba alikuwa ameshaniharibu.

Ikaja kazi ya kuchagua mahakimu wapya wa mahakama za mwanzo, Jaji akiwa mwenyekiti wa jopo. Alipopitia maombi, juu ya jalada la kijana aliyeitwa Deus aliandika kwa penseli maneno mawili ya Kihaya: omwana waitu, mtoto wa kwetu. Akanikabidhi.

"Hili lishughulikie inavyotakiwa."

Kilichotakiwa ni kuandika dokezo, ile taarifa fupi inayowekwa ndani ya jalada, kwamba mwenyekiti ana undugu na mwombaji, hivyo anajitoa. Mimi nilicheka kimoyomoyo: kumbe hata mzee huyu ana wa kwake. Nikaliweka jalada juu ya mengine yote, nikachapa jina la Deus la kwanza kwenye orodha.

Siku ya usaili, Deus alipoitwa, Jaji alisimama akatoka nje. Wajumbe walitazama orodha, wakatazama yale maneno ya penseli, wakafikiri mzee ametoka ili wampitishe kijana bila kuona haya. Wakampitisha. Baadaye Jaji akaniuliza, "Dokezo langu la kujitoa uliliweka?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichotaka. "Nililiweka, waitu."

Barua moja tu ingetosha kurekebisha kosa lile. Sikuiandika.

Mwombaji mmoja aliyekosa nafasi akalalamika kwamba Jaji anawagawia ndugu zake uhakimu. Nikaitwa mbele ya kamati ya uchunguzi.

"Ndugu karani, nani aliamua jina hili liwe la kwanza?"

"Nilifuata maelekezo."

"Ya nani?"

Nikayatazama yale maneno ya penseli. Nilikuwa na watoto wanne, na cheo cha karani mkuu kilikuwa kinaninukia. Jaji, aliyeketi pembeni, aliniangalia, kisha akasema taratibu, "Dokezo langu limo ndani. Fungueni."

Wakafungua. Halikuwamo.

Alistaafishwa kwa manufaa ya umma, maneno mazuri kwa jambo baya. Deus naye akanyang'anywa uhakimu kabla hajasikiliza hata kesi ya mbuzi. Mimi nikapewa ukarani mkuu, nikaufanya mpaka nilipostaafu, na sikuufurahia hata siku moja.

Nilipostaafu nilikwenda Kashozi, kwenye kibanja cha Jaji, shamba lake la migomba. Nilimkuta akipogoa majani makavu ya migomba. Akanikaribisha kahawa ya kutafuna kama mgeni mwingine yeyote. Nikamweleza yote, naye akaendelea kutafuna.

"Watoto wangu hawasemi," alisema hatimaye, "lakini najua wanavyofikiri. Hayo uliyoniambia, yaandike. Jalada lisibaki tupu."

"Nitaandika, waitu."

Nikamdanganya mara ya pili. Nilingoja macho yapone, nikangoja mavuno yapite, kumbe nilikuwa naona aibu tu. Tulipomzika, mwanawe mkubwa alisoma wasifu akairuka miaka yote ya ujaji, kana kwamba baba yake alikuwa mkulima tangu azaliwe. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na kaburi. Ningeweza kusema, nikainamisha kichwa.

Ninyi vijana mnaoingia masjala leo, mkubwa akiwapa neno msilolielewa, muulizeni, hata akikasirika. Na lile dokezo, nimechelewa, lakini ni hili: mwenyekiti alijitoa. Mimi, karani wake, sikuandika.