Mkono Ndani ya Shimo la Sungura

Bi Inshirah aliwachukia wale sungura hata kabla hawajaanza kuchimba. Walikuwa wawili, dume na jike, vipenzi vya mumewe, Haji Wagdi, mwalimu mstaafu aliyewabusu puani bila kujali pua hiyo imetoka kunusa nini. Haji alipolazwa kwa kuvunjika nyonga, mkewe aliapa kuwatunza. Siku ya tatu harufu ya mikojo ilishuka kutoka juu ya paa, walikofugwa, ikaingia mpaka kwenye mkate. Akawateremsha bustanini, nyuma ya nyumba yao pale Mansura. Wakachimba. Kitalu cha nanaa kikawa kama shavu lenye majipu.

Na leo alasiri Haji alikuwa anarudi.

Bi Inshirah aliziba mashimo mawili kwa matofali, la tatu akalitegea gunia na majani mabichi. Dume, kwa ulafi wake, alijileta mwenyewe, akamkojolea kuanzia kifuani mpaka kwenye kandambili. Jike akagoma kutoka.

"Inshirah!" Kichwa cha jirani, Mama Galal, kilichomoza juu ya ukuta. "Nasikia unawakamata! Basi mlukhiya ninayo, nimeshaikatakata."

Mansura ndivyo ilivyo: ukitaja sungura, mtu anakimbilia kukatakata ule mlenda wa kumpikia.

"Hawa si wa kuliwa, shoga. Ni wa kufuga."

"Sungura wa kufuga! Basi na bata tuwapeleke shule."

"Mbona wewe umemfuga mumeo miaka thelathini na hatukuulizi faida?"

Kichwa kilitoweka kwa kicheko. Bi Inshirah akalala kifudifudi, akazamisha mkono mpaka begani. Udongo wa majimaji. Manyoya yaliyogandana. Mavi ya mviringo yakimteleza kati ya vidole. Kisha akagusa kitu cha moto, kipara, kinachojinyonganyonga. Tena si kimoja.

"Hiiiih!"

Sasa, mwanamke wa Mansura akivuta pumzi namna hiyo, watu wanajua jambo moja tu: anamimina kitunguu saumu cha kukaanga kwenye chungu cha mlukhiya. Bila mshtuko ule, wanasema, mlenda hauivi. Na Haji Wagdi ndiyo kwanza alikuwa anateremka kwenye teksi, mlangoni, na mkongojo wake.

"Amewapika," alisema, akaushika tena mlango wa teksi. "Dereva, nirudishe hospitali."

Mama Galal naye alishafika mbio na sahani. "Wallahi Inshirah, unapika bila mimi?"

"Sijapika!" Sauti ilitoka bustanini. "Haji, ingia ndani! Dume yumo kwenye gunia!"

"Na jike?"

"Yumo shimoni!"

"Chungu nacho ni shimo. Dereva, washa gari."

Bi Inshirah alifumba macho, akarudisha mkono mule, akachota. Alitokea mlangoni ameunyoosha mbali na mwili, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine: kiganjani vitoto sita, vyekundu, vipofu, mfano wa vidole vya miguu vilivyokatwa.

Haji alivitazama. Akavibusu, kimoja kimoja, kwa mdomo mzima.

"Vinasikia baridi, Inshirah. Vitie kifuani."

"Haji, naomba usiniambie hivyo."

"Vitakufa."

Dereva aligeuza uso kwa adabu. Bi Inshirah akavitia. Akaingia ndani akitembea kwa kujikunyata, akipumua kwa mdomo, huku akiwatukana sungura, na ukoo wao, na mwalimu aliyewaleta.