Miguu Nyuma ya Dada Yangu

Mimi ni dereva wa lori, na dereva wa lori hana sababu ya kukimbia. Miguu yangu inajua pedali tatu, mafuta, breki na ambreyaje ya kubadilishia gia, basi. Kwa hiyo asubuhi ile dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita huku, aliponiambia mezani kwamba anataka kukimbia marathoni ya mji wetu wa Butembo, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwuliza kama ambavyo ningemwuliza mtu yeyote aliyepita miaka hamsini:

"Yaya, unakimbia nini tena?"

Swali lilikwisha kutoka ndipo nikaona ubaya wake. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Dada yangu aliolewa upande wa Oicha na mtu wa kakao. Mumewe alifariki kwa ugonjwa, yeye akabaki na shamba, akalitunza vizuri kuliko marehemu. Kisha jioni moja watu walianza kukimbia, naye akakimbia. Alipita kwenye njia nyembamba kati ya mikakao, na nyuma yake alisikia miguu. Miguu mingi, yenye haraka, bila sauti ya mtu. Hakugeuka. Hadi leo hajui kama ilikuwa ya majirani waliokuwa wakikimbia kama yeye, au ya wale wenye silaha waliokuwa wakikimbiwa. Alifika kwangu Butembo na kikwembe kimoja, kitenge alichojifunga, na funguo za nyumba.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dada yangu unyasi wake ulikuwa sauti ya miguu nyuma ya mgongo. Kwangu alichagua kiti cha pembeni, kilichoegemea ukuta. Barabarani alisimama ili watu wampite kwanza. Familia yetu ni ya wafanyabiashara, na pale soko kuu meza ya vikwembe ilikuwa ikimngoja, lakini soko letu miguu iko pande zote. Alijaribu, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri akiwa na jasho la baridi. Alijaribu tena, akarudi mapema zaidi. Mwanamke aliyekuwa akiuza magunia ya kakao kwa sauti ya kiume alikuwa sasa anachambua maharagwe yangu.

Siku ile hakukasirikia swali langu. Aliweka kikombe chini.

"Mudogo yangu, nataka siku moja, moja tu, nikimbie na batu nyuma yangu, na nisisimame. Kama naweza pale, nitaweza ku soko. Kama siwezi, mutanizoea hivi."

Nikasema nitakwenda naye. Ningependa kusema ni kwa upendo, na upendo ulikuwepo, lakini ukweli ni kwamba nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nikiona watu wamezunguka kitu nasimamisha lori, hata kama nimebeba nyanya. Nilitaka kuona ni watu gani hao wanaoacha blanketi, katika baridi ya Butembo, kwenda kupanda vilima ambavyo hakuna aliyewatuma kuvipanda.

Tulikuta kundi la wakimbiaji kwenye rond-point, pale barabara zinapozunguka, baada ya sala ya alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya mapaa. Kulikuwa na wanafunzi, fundi cherehani mmoja mrefu, muuguzi aliyekimbia na sandali zake za kazini, na wanawake kadhaa waliofunga vikwembe juu ya suruali. Kocha alikuwa mwalimu wa michezo aliyeletwa na serikali kutoka Kasai, mtu msafi sana, mwenye filimbi shingoni na Kifaransa kingi mdomoni. Aliangalia tumbo langu kwa muda mrefu.

"Papa chauffeur," akasema, "tutaanza polepole."

Tukaanza, na waliimba. Hilo halikunishangaza hata kidogo, na hapo ndipo ningepaswa kushangaa. Huku kwetu mtu hakimbii kimya. Askari wakifanya mazoezi huimba, wanafunzi huimba, vijana wa mpira huimba. Nilikuwa nimeyaona hayo maisha yangu yote kama vile mtu anavyoona chumvi kwenye mboga, na mimi, mwenye kuuliza kila kitu, sikuwahi kuuliza kwa nini.

Kilichonishangaza kilikuwa dada yangu. Alikuwa na mbio nzuri, nyepesi, mbio za mtu aliyezoea mashamba ya miteremko. Lakini alikimbia wa mwisho kabisa. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mzito kuliko wote, ilimbidi akimbie nyuma yangu, akijizuia, kama gari dogo lililokwama nyuma ya lori kwenye mlima. Iliniudhi sana. Nikimwambia pita, anakataa. Fundi cherehani alimtania: "Mama, unatuchunga kama bambuzi?" Alicheka tu na kubaki mkiani.

Siku moja alijaribu. Alinipita, akampita muuguzi, akamwacha fundi nyuma yake. Niliona mabega yake yakipanda hadi masikioni. Kisha akatoka pembeni na kuinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Nilimpita bila kusema neno, na kwa mtu wa mdomo kama wangu ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kilima.

Mashindano yalipokaribia, kocha alitaka tukimbie siku moja mahali penye lami ndefu na tambarare. Butembo tambarare yetu ni ile ya mezani. Nikawapakia kwenye lori, tukashuka hadi mji wa Beni, ambako joto linakupokea kabla ya wenyeji. Barabara ile naijua kilima kwa kilima, kila kimoja na gia yake.

Tukateremka garini pembeni mwa komini ya Ruwenzori, sehemu mojawapo ya mji huo, na hapo kocha akatoa wazo lake.

"Leo hakuna kuimba. Silence! Munapoteza pumzi. Bakimbiaji ba kweli habaimbake."

Tuliangaliana. Mwalimu ni mwalimu. Akisema kimya, darasa linanyamaza. Tukaingia mtaani kimya, watu thelathini hivi, na sauti pekee ilikuwa ya viatu juu ya lami.

Mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbura aliinua kichwa. Hakuuliza kitu. Aliondoa sufuria motoni, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka mbio. Jirani yake akaona, akafunga duka. Nyumba ya tatu walitoka na godoro. Muda wa kumeza mate, barabara yote mbele yetu ilikuwa inakimbia.

Na sisi? Wenye akili wangesimama na kusema jamani, samahani, ni mazoezi. Sisi tuliona watu wanakimbia, na hapa kwetu ukiona watu wanakimbia, unakimbia. Maswali ni ya baadaye. Tukafikiri wameona kitu. Tukaongeza mwendo. Wao wakigeuka wanatuona tumeongeza mwendo, nao wanaongeza. Fundi cherehani alinipita akisoma dua ya Kikristo, mimi nikisoma yangu. Kocha alitupita sisi sote. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, wenyeji wakahama. Sijawahi kukimbia vile, na sitaweza tena.

Askari mmoja kwenye kizuizi alitusimamisha, mikono juu, macho yamemtoka.

"Bozokima nini?" akauliza kwa Kilingala chake, yaani tunakimbia nini.

Kocha akamwonyesha watu waliokuwa mbele. Watu wa mbele wakamwonyesha sisi. Askari akageuza kichwa huku na huku, akatukusanya sote kwa macho, halafu akaanza kucheka hadi akakaa juu ya jiwe. Mama wa vitumbura alicheka pia, lakini yeye akilia.

Mimi sikucheka. Dada yangu hakuwepo.

Nilirudi nyuma, sasa nikitembea, mapafu yanawaka. Watu walipotawanyika, wengine walikuwa wametokea kwenye vichochoro nyuma yetu, na kwa hiyo nyuma yake. Nilimkuta amekaa ndani ya mfereji mkavu, mgongo ameubana ukutani, viganja juu ya masikio. Kando yake alisimama bibi mmoja aliyekataa kukimbia kwa sababu ya magoti. Bibi alikuwa amempa maji, na sasa alinigeukia mimi.

"Munakimbia bila kuimba, kwani muko bevi, batu ba kuiba? Mutu mwenye kukimbia mambo mubaya, haimbake. Mutu akiimba, tunajua iko mutu ya muchezo, tunakaa. Haujui ile?"

Nilijua, na sikuwa najua kwamba najua. Nilisimama pale na aibu na udadisi vikigombana ndani yangu, na udadisi, kama kawaida, ukashinda: ndiyo maana tunaimba! Wimbo si wa mkimbiaji. Ni wa yule anayesikia miguu inakuja.

Dada yangu alikuwa ameondoa viganja masikioni. Alimwangalia bibi yule, kisha mimi.

"Ile siku, ku mikakao," akasema polepole, "hakuna mwenye aliimba."

"Hapana, yaya."

"Weye unajua kuimba?"

Naijua sauti yangu. Mke wangu husema lori langu halihitaji honi. Lakini nikasema najua.

Kocha aliwaomba radhi watu wa mtaa ule, nyumba kwa nyumba, na kofia mkononi, na wakampa vitumbura. Kimya hakukitaja tena.

Tangu siku ile nilikimbia nyuma ya dada yangu. Wimbo niliochagua ni ule wa wapakiaji wa depo yetu, kwa sababu ndio pekee ninaoujua wote. Mmoja anauliza, wengine wanajibu, na gunia linapanda.

"Muzigo iko nzito?"

"Iko nzito!"

"Tutafika ao hapana?"

"Tutafika!"

Niliuliza mimi, na nilijibu mimi, kwa sababu yeye hakuimba. Alisikiliza tu. Mwanzo mabega yalipanda hata kwa sauti yangu. Baadaye yalishuka kidogo. Aliweza kukimbia na mtu mmoja nyuma yake, mradi mtu huyo awe mimi na awe anapiga kelele. Nikinyamaza kumeza mate, alikuwa akielekea ukutani. Wiki za mwisho kila usiku nilikunywa asali na tangawizi kama mwimbaji wa ndoa.

Asubuhi ya mashindano mji ulijaa. Wanamoto, wale wa teksi za pikipiki, walizuiwa kwenye njia panda, wamekaa juu ya pikipiki zao, wakitoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba. Haikuwa marathoni ndefu kama ile ya televisheni. Waandaaji walikuwa na huruma, au walivihesabu vilima vyetu. Tulipoanza, dada yangu aliacha karibu kila mtu apite. Nyuma yake nilibaki mimi, na nyuma yangu kundi letu, maana kocha aliwaambia wote wabaki pale, wasimpite mama, na wimbo waniachie mimi.

Niliimba mtaa wa kwanza, nikaimba mbele ya msikiti wetu ambapo wazee walinitikisia vichwa, nikaimba sokoni, na tukapita soko, na yeye hakusimama. Alipita meza ile ya vikwembe bila hata kuiangalia. Nilifurahi hadi nikasahau kupumua vizuri.

Kisha tukafika kwenye kilima kile kirefu ambacho lori langu hukipanda kwa gia ya kwanza. Katikati ya kilima nilifungua mdomo kuuliza kama mzigo ni mzito, na hakuna kilichotoka. Nilijaribu tena. Hewa tupu. Nikabaki na sauti ya miguu tu, yangu na ya wote walio nyuma yangu, mingi, yenye haraka, bila sauti ya mtu.

Mabega yake yakapanda. Hatua zikafupika. Akaanza kuvuta upande wa kushoto, ukutani. Niliogopa pale kuliko nilivyoogopa Beni. Nilitaka kumwita, nilitaka kumshika mkono, na sikuweza hata kumfikia. Nikaanguka kitako kwenye ukingo wa barabara kama mzigo ulioshushwa.

Yeye hakugeuka. Alifika karibu na ukuta, mkono wake ukaugusa. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Oicha, ile ya kuuzia kakao.

"Muzigo iko nzito?"

"Iko nzito!" wakajibu nyuma yake muuguzi na fundi na wanafunzi na kocha wa Kasai, wakinipita kushoto na kulia. Wakajibu na watu wasiotujua, maana nani Butembo hajawahi kubeba gunia? Mkono ukaachana na ukuta.

"Tutafika ao hapana?"

Kilima chote kikajibu. Mimi tu pumzi ilinirudia kwa kuchelewa, wote wamekwisha kunyamaza, na nikajibu peke yangu, pale chini, kwa sauti ya chura.

"Tutafika."

Mwanamoto mmoja aliyekuwa akingoja njia ifunguliwe alinitazama kwa huruma.

"Papa, unazungumuza na nani?"

"Na yaya yangu," nikamwambia. "Ule wa mbele."