Mtunzi wa "Pokea Mkono Mdogo"

Mwalimu Joram Olima alichoka kabla hata hajatoka Mugumu. Mzee wa miaka sabini na ushei, magoti yanalia akiinama, anafunga safari ya Itiryo kwenda kudai wimbo! Angekuwa anadai ng'ombe, majirani wangemwelewa.

Chanzo ni simu. Deus, kitindamimba wake aliyeko Mwanza, alimletea simu kubwa baada ya mazishi ya mama yake, Gladys, ili mzee asikae kimya nyumbani kutwa nzima. Mzee akaitumia kuingia kwenye maktaba ya mtandaoni inayohifadhi nota za zamani na tafiti za muziki. Aliingia kama mtu anayezunguka gulioni bila nia ya kununua. Akakuta tasnifu ya msomi aliyeishi na wapiga zeze la litungu wa Tarime. Akakuta misa za Kilatini za enzi za wamisionari, na mabishano marefu ya maprofesa wawili juu ya asili ya ngoma moja, kila mmoja akimwita mwenzake mwongo kwa adabu kubwa. Zaidi ya yote kulikuwa na nyimbo za kwaya, karatasi za do-re-mi zilizopigwa picha na mikunjo yake, nyingine zina alama ya kikombe cha chai.

Katikati ya hizo ukamtazama wimbo wake mwenyewe, "Pokea Mkono Mdogo", sauti zote nne. Chini yake wameandika: Mtunzi, E. Kisyeri.

Ezra Kisyeri! Kijana ambaye Olima mwenyewe alimfundisha kuimba besi kule Gorong'a, alipokuwa mwalimu wa shule na wa kwaya. Olima alikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Alikasirika, lakini hata hasira ya uzee huchosha.

Naye alijua fika ilivyotokea. Siku zile karatasi ilikuwa adimu. Mwalimu akitunga wimbo aliuandika ubaoni, wanakwaya wakaunakili, na Jumatatu ubao ukafutwa kwa ajili ya hesabu za darasa la tano. Kila mmoja aliandika jina lake mwishoni mwa ukurasa, maana madaftari yaliibwa sana. Kisyeri akahamia Itiryo na daftari lake, akaanzisha kwaya, watu wakanakili kwake pamoja na jina. Jina likazunguka parokia hadi parokia, likawa la mtunzi. Hapo mwizi ni nani? Olima alijiuliza hivyo, na bado moyo ukauma.

Umuhimu wa wimbo wenyewe hakuwa amemweleza hata Deus. Aliutunga juma alilomzika Awiti, binti yake wa miaka minne. Hilo ni jina ambalo Wajaluo humpa mtoto anayefuata wenzake waliokufa. Wazazi hujifanya wamemtupa, ili kifo nacho kisimtamani. Kifo hakikudanganyika. Hakuna picha ya Awiti, na kaburi liko katika kiwanja ambacho sasa ni shamba la mtu. Gladys alipoondoka, akaondoka mtu wa mwisho aliyelitaja jina hilo mbele yake. Olima alichobaki nacho ni wimbo, na wimbo nao umepewa mtu.

Alimwandikia Irine, msimamizi wa maktaba ile. Irine akamjibu kwa upole: "Shikamoo mwalimu. Tunakuamini, ila tunahitaji nakala ya mwandiko wako, au kauli ya Mzee Kisyeri mwenyewe." Mwandiko wake ulifutwa na dasta. Ikabaki kauli.

Basi akapanda gari mpaka Tarime, kisha pikipiki, akafika Itiryo amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Robi, mke wa Kisyeri, aliacha mahindi aliyokuwa akipukuchua, akaja kumpokea mkoba.

"Shikamoo mwalimu. Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Marahaba. Anaumwa?"

"Heh! Hawakukuambia? Alianguka mwaka jana. Upande huu umekufa, na maneno yameisha. Hata mimi mke wake haniiti jina."

Olima aliketi, akasikia safari yote ikimshukia mabegani. Amekuja kutafuta kauli kwa mtu asiye na kauli. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Alitamani kulala pale pale kwenye benchi.

Kisyeri alikuwa kwenye kiti uani, blanketi magotini, mdomo umevutwa upande. Alipomwona mwalimu wake, machozi yakamtoka.

"Kusema hapana," Robi alisema, "ila kuimba anaimba. Daktari anasema inatokea. Mwanzishie, mwalimu, uone."

Olima hakuwa na hamu ya kuimba. Lakini utamkatalia vipi mtu anayekutazama hivyo? Akaanzisha sauti ya kwanza, kwa koo lenye vumbi: *Bwana, pokea mkono mdogo.* Besi ikaingia mahali pake, nzito, safi, kana kwamba mtu yule hakuwahi kuugua. Robi akakaa chini akisikiliza.

Wakafika ubeti wa pili. Olima akaimba kama makanisa yote yanavyoimba: *Mwanao amechoka kutembea.* Kisyeri akaimba: *Awiti amechoka kutembea.*

 Kisyeri akamaliza ubeti peke yake, akaurudia, na jina likatoka tena, silabi zote tatu.

Ndivyo Olima alivyouandika ubaoni jioni ile ya kwanza. Wanawake walishindwa kuimba kwa kilio, na padri akasema wimbo wa kanisa haumlilii mtoto wa mtu mmoja. Olima akafuta jina kwa kiganja chake, akaandika "mwanao", na wote wakakata kwenye madaftari yao. Kisyeri pia alikata, na Itiryo akafundisha alivyoagizwa. Kumbe kichwani hakukata. Miaka yote hiyo Awiti alikuwa huku, kwa mtu wa besi, na baba yake alidhani amebaki naye peke yake.

"Huyo Awiti ni nani?" Robi aliuliza. "Kila siku anamwimba. Nilifikiri ni mchumba wake wa zamani."

"Ni mtoto wangu," Olima alisema. Akamwambia yote. Robi akalia, kisha akainuka kwenda kusonga ugali, maana mgeni hajala.

Kabla ya kula, Olima alitoa simu akamwandikia Irine. Alikuwa amechoka mno kuandika mengi.

"Jina la mtunzi liacheni kama lilivyo. Naomba neno moja tu lirekebishwe, ubeti wa pili."